Uzoefu wa Miaka Mitatu Autoe Wapi?

Juni 2014 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ulijaa watu siku ambayo Simba na Yanga hazikuwa na mchezo. Walioketi majukwaani walikuwa vijana zaidi ya 10,000 walioitwa kwenye usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zenyewe zilikuwa 70. Picha zilizagaa magazetini na kwenye simu, na wengi waliozitazama walicheka kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini kingine.

Miaka 11 baadaye hakuna aliyecheka. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596 mwanzoni mwa 2025, maombi yaliyoingia yalikuwa 135,027, yaani karibu watu 85 kwa kila kiti. Msimu huohuo walimu 201,707 walikuwa wakigombea nafasi 14,648 za kufundisha, na baadhi ya waliokaa mtaani muda mrefu wakaunda umoja wao, NETO, ili angalau wahesabiwe.

Sasa nenda upande wa pili wa meza. Msikilize meneja wa kiwanda, mkuu wa rasilimali watu benki, au mwenye kampuni ya ujenzi, na utamkuta naye analalamika. Ametangaza nafasi moja, amepokea bahasha mia tatu, na bado anasema hajapata mtu. Vijana wana vyeti, atakuambia, ila hawajaiva.

Neno hilo lina historia yake. Mwaka uleule wa usaili wa uwanjani, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA), lenye makao yake Kampala, lilitoa matokeo ya utafiti uliowaudhi wakuu wengi wa vyuo. Ulisema kwamba asilimia 63 ya wahitimu wa Uganda hawakuwa na stadi zinazotakiwa na soko la ajira. Tanzania ilikuwa na asilimia 61, Burundi 55, Rwanda 52 na Kenya 51. Wakenya wangeweza kujipongeza kwa kuongoza darasa, lakini hata kinara wa darasa hilo alikuwa amefeli nusu ya mtihani.

Tangu hapo "hajaiva" limekuwa neno la mikutano yote ya ajira. Ajabu ni kwamba wanaolitamka ni wengi, na anayeuliza nani alipaswa kuwasha moto ni nadra kumsikia.

Safari ya mhitimu huanzia stesheneri. Nenda Changanyikeni, nyuma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, utazikuta zimepangana: vyumba vidogo vyenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayounguruma, na kijana anayechapa bila kutazama vidole. Ndani ya kompyuta ile kuna faili la wasifu ambalo limeshatumiwa na watu wasio na idadi. Linafutwa jina, linaandikwa jina. Inafutwa tarehe ya kuzaliwa, inaandikwa nyingine. Vingine vinabaki vilevile: mwombaji anajituma, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa kwa karibu, anapenda kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo na watu. Wadhamini ni wawili, mmoja mhadhiri na mwingine mjomba aliyewahi kufanya kazi serikalini.

Kutoka hapo ni kwa wakili, kugongewa mhuri kwenye nakala za vyeti. Kisha bahasha ya kaki, au siku hizi kuskani na kupandisha kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ambao haupokei hati ya matokeo ya muda wala karatasi ya matokeo ya kidato cha nne. Wanataka cheti chenyewe. Mwenye kusahau hilo hajui kuwa ameshaanguka kabla ya mbio kuanza.

Halafu linakuja lile tangazo la kampuni binafsi ambalo kila mhitimu analijua kwa moyo: shahada ya kwanza katika fani husika, ufasaha wa Kiingereza na Kiswahili, na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu.

Miaka mitatu, kwa mtu aliyevua joho Novemba. Serikalini nafasi nyingi za kuanzia hazidai uzoefu, na hiyo ni sababu mojawapo ya foleni ya huko kuwa ndefu kiasi kile. Si kwamba vijana 135,027 walikuwa na ndoto ya kukusanya kodi. Ni kwamba mlango ule haukuwauliza walikuwa wapi miaka mitatu iliyopita, ilhali jibu linajulikana: walikuwa darasani.

Vyuo navyo vina jibu lao, nalo ni fildi. Mwanafunzi wa uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hutakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo wiki nane kila mwisho wa mwaka, kwa miaka mitatu ya mwanzo. Fani nyingine hupata kidogo zaidi ya hapo au pungufu. Kwenye karatasi mpango umekamilika: kuna barua ya chuo, kuna msimamizi ofisini, kuna mhadhiri wa kuja kukagua, na kuna logi buku ya kujazwa kila siku.

Tatizo ni kilichomo kwenye logi buku. Jumatatu, kutambulishwa kwa wafanyakazi. Jumanne, kupanga mafaili. Jumatano, kupanga mafaili. Alhamisi, kumsaidia katibu muhtasi kupeleka barua. Ukiwa na bahati, wiki ya tano unaruhusiwa kukaa pembeni ya mtu anayefanya kazi uliyoisomea na kumtazama. Mwanafunzi wa uhasibu hapewi nywila ya mfumo, kwa sababu hesabu za kampuni ni siri na mgeni wa wiki nane hawezi kuaminiwa. Sababu hiyo ina mantiki kabisa. Lakini matokeo yake ni mhasibu aliyesoma miaka mitatu, akafaulu, na hajawahi kufunga hesabu za mwezi hata wa duka la mangi. Ijumaa ya mwisho msimamizi hukalia kiti, akachukua kalamu, akasaini wiki zote nane kwa dakika tano.

Haikuwa hivi siku zote, na wazee wa Mlimani wanakumbuka. Miaka ya mwanzo ya uhuru wasomi walikuwa wa kuhesabika, na serikali ndiyo iliyowapangia kazi. Mtu aliijua ofisi yake kabla hajapima joho. Kisha, Novemba 1974, TANU ikapitisha Azimio la Musoma, lililogeuza mambo juu chini. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kupita Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, kisha aje chuoni akiwa na pendekezo la mahali alipofanya kazi. Kwa maneno mengine, uzoefu kwanza, shahada baadaye.

Mpango ule ulikuwa na kasoro. Kijana aliyekaa miaka mitatu bila kugusa hesabu alirudi kwenye hesabu akiwa ameisahau, na masharti yakaanza kulegezwa kabla muongo haujaisha, hatimaye yakaachwa. Hakuna anayependekeza yarudi. Ila yalikuwa na jambo moja ambalo leo halipo: mwajiri alikuwa na sauti, na alikuwa na wajibu. Aliyempendekeza kijana alikuwa amemfundisha kazi kwanza.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakabinafsishwa na kupangiwa kazi kukawa hadithi. Nchi iliyoingia muongo ule na vyuo vikuu viwili, Dar es Salaam na Sokoine, leo inavyo makumi. Chuo Kikuu cha Dodoma peke yake kilipoanzishwa 2007 kilipangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Milango ya kuingilia iliongezwa kwa kasi, lakini ile ya kutokea iliachwa kwa bahati na kujuana.

Siyo kila fani iliachwa hivyo, na hapa ndipo mjadala wa "hawajaiva" unapoanza kuwa na maana. Daktari hamalizi miaka mitano akaachiwa wodi. Anakaa mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, akizungushwa idara hadi idara chini ya macho ya waliomtangulia. Hakuna mkurugenzi wa hospitali anayemlaumu mtarajali kwa kukosa uzoefu wa miaka mitatu. Kila mtu anajua uzoefu unapatikana wapi.

Wahandisi nao walijiuliza swali hilo mapema. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ilianzisha mpango unaojulikana kwa kifupi kama SEAP. Mhitimu wa uhandisi husajiliwa, kisha huwekwa chini ya mhandisi mzoefu kwenye kampuni, wakala au mradi, akafanya kazi halisi huku akiandika ripoti na kukaguliwa, kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Muda wake? Miaka mitatu. Ni ileile miaka mitatu ya kwenye tangazo, isipokuwa hapa kuna mtu aliyekaa chini akauliza itatolewa na nani, wapi, na kwa fedha ya nani. Norway iliwahi kufadhili sehemu ya mpango huo kwa ajili ya wahandisi wanawake, maana ilionekana kwamba bila kushikwa mkono wengi wao walikuwa wakiishia kufanya kazi nyingine.

Thamani ya mpango wa namna hiyo haiko kwenye cheti cha mwisho. Iko kwenye kukosea. Kijana anakosea kupima kina cha msingi mbele ya mtu anayejua kosa hilo linagharimu mifuko mingapi ya saruji, na anarekebishwa zege halijamwagwa. Hakuna mhadhara unaoweza kufundisha hivyo.

Tazama pia reli. Juni 14, 2024 treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nchi haikuwa na dereva hata mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo hapa nyumbani, kwa sababu treni ya umeme yenyewe haikuwepo. Shirika la Reli halikusubiri chuo kikuu kiwalete wenye uzoefu wa miaka mitatu. Wangetoka wapi? Watu walifundishwa mashine iliyopo, kwenye reli iliyopo. Mwajiri akibanwa na ukweli hufundisha.

Kuna fani nyingine ambako daraja lipo, lakini likaonyesha jambo lisilopendeza. Tangu 2008 mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo kila mtu anaiita Law School, kando ya barabara ya Sam Nujoma. Anakaa darasani, kisha anakwenda mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Oktoba 2022 matokeo ya kundi moja yalisambaa mitandaoni na nchi ikashika kichwa. Waliofanya mtihani walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walidisko, kwa lugha ya wanafunzi wenyewe, yaani waliondolewa.

Ikumbukwe hawa wote walikuwa tayari na shahada. Kila mmoja alikuwa amekwishapigiwa vigelegele na mamaye kwenye mahafali, amekwishachinjiwa mbuzi. Lawama zikaanza kutembea kama sahani ya msiba. Wanafunzi wakailaumu taasisi kwa usahihishaji na mfumo wa mitihani. Waliotetea taasisi wakavitupia vyuo vikuu vinavyotoa shahada kwa wasioweza kuandika hati ya madai. Wahadhiri wakazitaja shule za sekondari, Kiingereza, na madarasa ya wanafunzi mia nne. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Dk Damas Ndumbaro, akaunda kamati iliyoongozwa na Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Ukiondoa hasira, matokeo yale yalisema jambo ambalo fani nyingine zinalificha. Sheria ina mtihani kati ya shahada na kazi, kwa hiyo pengo lake linapimwa na kuchapishwa. Masoko, utawala, maendeleo ya jamii, rasilimali watu hazina mtihani huo. Pengo lao hupimwa kimya kimya na bahasha zisizojibiwa, na mhitimu haambiwi hata amefeli somo gani.

Kwa hiyo vyuo vina makosa, na makubwa. Mwanafunzi anayejua kwamba mtihani wa mwaka huu ni mjukuu wa ule wa mwaka juzi hana sababu ya kusoma kitabu. Anatafuta desa, anakariri, anafaulu. Serikali imeliona hilo. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaogharimiwa na mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umevitaka vyuo kupitia upya mitaala yao na kuunda kamati za ushauri zenye watu wa viwandani ndani yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2025, imeleta mkondo wa amali sekondari, ili mtoto aanze kushika nyundo na kompyuta mapema. Ni hatua nzuri. Matunda yake tutayaonja baada ya miaka kadhaa.

Lakini waajiri je? Wao kwenye mjadala huu hukaa kwenye kiti cha hakimu, na hilo halistahili. Wao hujibu kwamba wanalipa, na ni kweli wanalipa. Mwajiri wa sekta binafsi mwenye wafanyakazi kuanzia 10 hukatwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, kwa kila mshahara anaolipa. Waliilalamikia kwa miaka, nayo ikashuka kutoka asilimia 6 kabla ya 2013 hadi 3.5 kuanzia Julai 2023. Kwa muda mrefu theluthi moja ya fedha hiyo imekuwa ikielekezwa VETA na theluthi mbili zikibaki Hazina. Mwajiri anaona ameshalipia ujuzi, na akiletewa kijana asiye nao anahisi kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hoja yake ina uzito, ila haimalizi deni. Fedha inaweza kujenga karakana, lakini haiwezi kumfundisha kijana jinsi benki fulani inavyochambua mkopo, au jinsi ghala fulani linavyopokea mzigo usiku. Hayo yanajulikana na watu waliomo ndani tu. Kampuni inayotangaza "uzoefu wa miaka mitatu" huku haimpokei hata mtarajali mmoja inataka kuvuna shamba la jirani. Na jirani naye anafikiri hivyohivyo, ndiyo maana wote wanagombania walewale wachache wanaohama kutoka kampuni hii kwenda ile kwa nyongeza ya mshahara.

Kuna jambo jingine linalotajwa mara chache: lugha. Vikao vya waajiri husema vijana hawajui Kiingereza, na wengi kweli hawakijui vizuri. Ila mhitimu wa kilimo atakayefanya kazi Mbozi au Kilosa hatazungumza na mahindi. Atazungumza na mkulima. Amefundishwa habari za naitrojeni kwa Kiingereza miaka mitatu, na siku anaposimama shambani kumweleza mama kwa nini majani yamekuwa ya njano, maneno yanamkauka. Bwana shamba wa zamani, mwenye cheti tu, angemaliza kwa sentensi mbili. Ustadi huo nao ni wa kazi, na hakuna tangazo linaloutaja.

Baadhi ya wahitimu wa Sokoine hawakusubiri kutangaziwa. Mwaka 2011 walianzisha ushirika wao, SUGECO, pale Morogoro, ambako vijana hulima, husindika na kujifunza biashara ya kilimo kwa kuifanya. Si dawa ya kila mtu. Husemwa sana kwamba mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo hupenda kutamkwa na watu wenye mshahara. Mhandisi wa umeme aliyesomeshwa kwa mkopo wa serikali, anayetakiwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kuurejesha, akiishia kuendesha bodaboda hajashindwa kuchagua jembe. Taifa limepoteza mhandisi, na Bodi ya Mikopo inasubiri fedha kutoka kwenye mshahara usiokuwepo.

Tena hata vijana wote wangeiva kesho asubuhi, viti 1,596 vya TRA visingezaa watoto usiku. Uhaba wa ajira ni tatizo lake lenyewe, linalohitaji viwanda, mikopo na masoko, na halitaponywa na mtaala. Hilo lisemwe wazi, maana imekuwa rahisi mno kumwambia kila asiye na kazi kwamba kosa ni lake. Kinachoweza kurekebishwa haraka, na bila mkopo wa Benki ya Dunia, ni kile kipande cha barabara kati ya darasa na ofisi.

Kuanzia Julai wanafunzi wa fildi huanza kugonga milango wakiwa na barua za vyuo mikononi, na wengi huziacha mapokezi wasipate jibu. Mwajiri unayesoma haya, mwaka huu mwite mmoja. Mpe kazi moja ya kweli, ndogo, yenye mwanzo na mwisho, na mtu wa kumsahihisha. Wiki ya nane akikuletea logi buku, isome kabla ya kusaini.